Mwaka Ulioingia Bila Mwezi

Mzee Thành alifunga lango la shule kwa mnyororo,
akaniuliza kwa mikono: na wewe, kwenu wapi?
Mji mzima ulikuwa unarudi kwao,
vichungwa vimefungwa nyuma ya pikipiki, bibi amepakatwa katikati.
Nikamwonyesha upande jua linakozama.
Akatazama huko kwa heshima, asione kitu.

Siku kumi na nne.
Mbili za ndege, mbili za treni, na kurudi vivyo hivyo.
Zinazobaki sita. Mimi si mwalimu wa hesabu
lakini hiyo niliipiga mara nyingi.

Tabora walitukata.
Mabehewa ya Mwanza kule, ya Mpanda kule,
sisi wa Kigoma tukaachwa relini
kama sentensi isiyo na kitenzi
hadi injini ikapatikana, saa tisa usiku.
Nilinunua asali kwenye chupa iliyokuwa ya pombe, na bado ikinukia.
Kaliua. Usinge. Nguruka, samaki wa Malagarasi
wakipandishwa kwa madirisha.
Mwanamke mwenye kuku kikapuni akaniuliza
msiba ni wa nani.
Hakuna msiba, nikasema, naenda nyumbani tu.
Mwezi wa pili? Katikati ya muhula?
Akasogeza kikapu chake kidogo.

Mama alitazama viatu kwanza, kisha uso.
"Wamekufukuza?"
"Hapana. Ni mwaka mpya."
"Wa nani?"
"Wa kule. Unaingia usiku ambao mwezi haupo kabisa."
Aliendelea kuchambua mchele.
"Mwaka unaoingia mwezi haujaandama.
Hao wanaanza na deni."

Nilileta bahasha nyekundu kumi na mbili, noti mpya ndani,
kwa watoto, kama desturi ilivyo.
Shangazi Nyamweru akaipokea ya Tunu,
akaigeuza mbele na nyuma, akatafuta kalamu:
"Harusi ya nani? Na kikao cha kwanza lini?"
Nilieleza. Nilieleza tena.
Jioni Kibirizi nzima ilikuwa inajua
kwamba naoa Mchina.

Na usiku wenyewe ulipofika, hakuna aliyebaki.
Ruhundwa alibeba betri begani, taa mkononi,
nyavu zimekwisha kutangulia.
"Kiza hiki, kaka, ndiyo mshahara. Hakuna kulala."
Dagaa hufuata taa pale tu mwezi usipowadanganya.
Nikakaa peke yangu kwenye jiwe la kufulia.

Saa mbili. Kule ni saa sita kamili.
Simu ikaanza kutetemeka: wanafunzi, fataki,
mzee Thành na glasi juu, macho mekundu.
Mbele yangu ziwa likawaka, taa moja, kisha nyingine,
nilifika themanini na nne nikapotea,
zikasambaa hadi huku na Kongo kusieleweke.
Mwezi ni uleule mmoja, umetoroka pande zote mbili.
Kule wamefunga maduka.
Huku ndiyo wamefungua.

Kule, mtu wa kwanza kuvuka kizingiti alfajiri
huchaguliwa wiki nzima kabla:
mwenye afya, mwenye fedha, asiye na kilio.
Kwetu aliingia Ruhundwa bila hodi,
amelowa hadi kiunoni, magamba kwenye nyusi,
akanywa maji yote ya mtungi, akalala sakafuni.
Mama akanikabidhi fagio. Dagaa walikwisha kumwagwa juani.

"Ungekuja wiki mbili mbele," aliniambia alipoamka.
"Mbalamwezi ikijaa hatuendi ziwani.
Tunashona nyavu, tunakwenda kutazama mpira, tunaoa.
Tungekaa."

Wiki mbili mbele nitakuwa nimeshika chaki.

Stesheni, mama alinipa dagaa waliofungwa kwenye gazeti
na bahasha moja nyekundu, ile ya Tunu,
ndani yake noti chakavu ya elfu mbili inayonukia samaki.
"Mchango," akasema.
Sikumsahihisha.